Ni Nani Aliyeona? Jinsi ya Kupima Habari za Waeneza Injili wa Kwanza



Wakristu wapenzi, nanyi wakatekumeni mnaotusikiliza pamoja na jamaa zenu, somo la jioni hii halikutoka katika swali moja la katekisimu. Limetoka katika maswali yenu wenyewe. Kutoka Nyangwe, kutoka Kasongo, na kutoka vijiji vya njia ya Kabambare, mmeuliza maneno mawili yaliyo ndugu. La kwanza: Je, ni kweli kwamba Mitume wa Bwana wetu walifika Afrika, wakawahubiri watu weusi? La pili: Ni nani aliyeleta Injili kwanza hapa Nyangwe, na yule mzungu mzee, Livingstone, aliyekaa kando ya Lualaba katika siku za Wangwana, je, ndiye mmisionari wetu wa kwanza?

Mwenye kuuliza hutaka jibu la neno moja, ndiyo au siyo. Sitalitoa upesi, kwa maana kabla ya jibu yapo mambo ya kujifunza: jinsi ya kuipima habari ya kale. Wala jambo hili si mchezo. Watoto wenu sasa wasoma vitabu, na mtoto wa jirani yenu Mwislamu naye asoma. Ukimfundisha mwanao hadithi ya safari ya Mtume kwa sauti ileile unayomfundishia Nasadiki, basi siku atakapotambua kwamba hadithi ile haina shahidi, ataitupa pamoja na Nasadiki. Vijana wa namna hiyo nimewaona.

Ninyi nyote mwajua baraza la wazee. Mbuzi wa mtu amepotea. Anakuja mtu mbele ya wazee, asema: "Yajulikana kwamba fulani ndiye aliyemchukua." Mzee amwuliza: "Wewe ulimwona?" Ajibu: "Sikumwona, nilisikia." "Ulisikia kwa nani?" "Kwa shemeji yangu." "Na shemeji yako, yeye alimwona?" Hapo mtu aanza kukuna kichwa. Wahenga walisema, Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni methali njema ya kumwonya mtu ajihadhari. Lakini sijasikia bado baraza lililomtoza mtu mbuzi kwa methali hiyo. Wazee hutaka aliyeona. Wakimpata, humwuliza tena: ulikuwa karibu au mbali? Je, una ugomvi na mshitakiwa? Na mwingine ambaye si ndugu yako, aliliona jambo lilo hilo?

Basi, mbele ya habari za kale nasi tuketi kama wazee hao. Mtakatifu Luka alifanya hivyo. Mwanzoni mwa Injili yake aeleza kwamba alizichunguza habari zote kwa uangalifu, kama zilivyotoka kwa wale waliokuwapo. Hakuona haya kuchunguza. Nasi tuchunguzao habari za safari za Mitume hatukosi imani kwa kufanya hivyo. Kwamba Bwana alikufa akafufuka, hilo ni neno la imani, nasi twalikiri. Kwamba Mtume fulani alipanda chombo akashuka pwani fulani, hiyo ni habari ya safari, na Kanisa halikuwafunga watu waisadiki kama wanavyosadiki ufufuko.

Tuanze na swali la kwanza. Wengi hutaja yule towashi, mtunza hazina wa malkia Kandake, aliyebatizwa njiani na Filipo, kama ilivyoandikwa katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Huyu ni Mwafrika kweli, naye alibatizwa kweli. Lakini someni sura hiyo hata mwisho wake: imeandikwa kwamba alikwenda zake kwa furaha, na hapo habari yake yakoma. Haikuandikwa kwamba aliibatiza nchi yake. Tena, nchi ya akina Kandake ilikuwa Meroe, kando ya mto Nili, katika nchi iitwayo leo Sudani. Haikuwa Ethiopia ya siku hizi. Wagiriki wa kale waliita Ethiopia nchi yo yote ya watu weusi upande wa kusini mwa Misri. Jina moja, nchi nyingi! Shikeni neno hilo, kwa maana majina ya nchi yamewapoteza wasomaji wengi kuliko uongo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hupenda sana kuwasimulia walimu wenzangu. Palikuwa na padri mmoja jina lake Rufinus, aliyeandika historia ya Kanisa kwa Kilatini, miaka kama 400 baada ya kuzaliwa Bwana wetu. Katika kitabu hicho, mahali pamoja, aandika habari mbili. Habari ya kwanza: kwamba Mitume walipogawanya nchi kwa kura, Toma alipata nchi ya Waparthi, Matayo alipata Ethiopia, na Bartolomayo alipata India iliyo karibu. Habari ya pili: kwamba vijana wawili Wakristu, Frumentius na Edesius, walikuwa wakisafiri na mwalimu wao, chombo chao kikashikwa pwani, mwalimu akauawa, wao wakachukuliwa kwa mfalme wa nchi ile. Wakatumika nyumbani mwake, wakaaminiwa, wakawakusanya wafanya biashara Wakristu waliopita huko ili wasali pamoja. Baadaye Edesius alirudi kwao Tiro. Frumentius alikwenda Aleksandria, akamwomba Mtakatifu Atanasi awapelekee watu wale askofu. Naye Atanasi akamweka yeye mwenyewe kuwa askofu.

Mwandishi ni yule yule, na kurasa ni zile zile. Je, habari hizo mbili zina uzito mmoja? Hapana. Ile ya Matayo ameitaja kwa mstari mmoja, miaka zaidi ya 300 baada ya mambo yenyewe, wala hasemi ameipata kwa nani. Lakini ya Frumentius asema wazi kwamba hakuipata katika uvumi wa watu: aliisikia kwa Edesius mwenyewe, ambaye alikuwa amekuwa padri huko Tiro. Hapo tumempata aliyeona.

Wala hatukuachwa na shahidi mmoja tu. Kaisari Constantius aliwaandikia barua watawala wa Aksum, Ezana na ndugu yake, akidai kwamba Frumentius arudishwe Misri ahojiwe, kwa kuwa kaisari huyo alikuwa upande wa wazushi Waario na alimchukia Atanasi. Barua hiyo Atanasi ameitia katika kitabu chake cha kujitetea. Angalieni: huyu kaisari ni adui wa Frumentius, lakini kwa kumshitaki ametuthibitishia kwamba yuko, kwamba ni askofu, na kwamba yuko Aksum. Ushuhuda wa mtu asiyekupenda, akisema neno linalokufaa, ni mzito kama jiwe la kusagia.

Kisha ziko fedha. Fedha za mfalme Ezana zimepatikana katika ardhi: zile za kwanza zina alama ya mwezi na duara, kama dini ya zamani ilivyokuwa, zile za baadaye zina msalaba. Fedha haina shemeji wa kuisingizia. Kwa hiyo, mtu akikuuliza kama Injili ilifika Afrika ya watu weusi zamani, kabla ya wazungu wa Ulaya kujua hata njia ya bahari, mjibu bila woga: ndiyo, ilifika Aksum katika karne ya 4, nasi tunao mashahidi. Akikuuliza juu ya Mtakatifu Matayo, mwambie: hilo ni pokeo la kale, twaliheshimu, lakini shahidi wake hatunaye. Mtu asione haya kusema hivyo. Eusebius, ambaye wengi humwita baba wa historia ya Kanisa, anaposimulia jinsi Mtakatifu Marko alivyofika Misri, atumia neno "husemwa". Hakulificha neno lile, na kwa sababu hiyo tunapata nguvu ya kumsadiki pale anaposema kwa uhakika zaidi.

Natuondoke Ethiopia, tushuke baharini, kwa maana njia ya bahari ndiyo iliyoleta lugha tunayosemea sasa. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alipokuwa akienda Goa mwaka 1542, alipita Msumbiji na Malindi, kisha kisiwa cha Sokotra. Safari hiyo hatuihitaji kuibahatisha: aliiandika kwa mkono wake katika barua aliyoipeleka kutoka Goa tarehe 20 Septemba 1542. Asimulia kwamba huko Malindi walimzika Mreno mmoja aliyefia chomboni, na kwamba mkubwa mmoja wa mji, Mwislamu, alizungumza naye kwa huzuni: katika misikiti 17 ya mji ule, watu walikuwa wakisali katika mitatu tu. Leo wageni wakifika Malindi huonyeshwa kanisa dogo la zamani, nao huambiwa kwamba Mtakatifu alisali humo. Twaweza kulitazama kwa heshima. Lakini kupita kwake Malindi twakujua kwa barua, si kwa ukuta.

Na huko Sokotra alikuta jambo la ajabu. Watu wa kisiwa walisema: sisi ni Wakristu, na waliotuzaa walibatizwa na Mtume Toma. Hawakujua kusoma. Mapadri wao walisali sala walizozikariri kwa moyo, wala hawakuyafahamu maneno yake, kwa kuwa hayakuwa ya lugha yao. Ksaveri alidhani ni Kikaldayo.

Mtafanya nini na habari hiyo? Kuicheka? Msiicheke. Yuko msafiri Mgiriki aitwaye Cosmas, wa karne ya 6, aliyeandika kwamba katika kisiwa hicho wamo Wakristu, na kwamba mapadri wao hupewa daraja katika nchi ya Waajemi. Basi miaka kama 1000 kabla ya Ksaveri walikuwapo tayari! Nayo lugha ya sala zao yaelekeza upande uleule wa Waajemi, ambako Wakristu walisali kwa lugha ya namna hiyo na kumheshimu sana Mtakatifu Toma. Wazee wa Sokotra walikuwa na kweli mkononi: kwamba imani yao ni ya kale sana na ililetwa kwa bahari. Lakini jina la Mtume mwenyewe, kwamba alikanyaga mchanga wao kwa miguu yake, hilo halikupata shahidi. Ndivyo pokeo lilivyo mara nyingi. Ni kama samaki wa kukaushwa: nyama imepungua, imebadilika rangi, lakini mfupa ni wa samaki yule yule aliyevuliwa.

Nami nimewapeleka Sokotra kwa makusudi. Sala zao, ambazo hawakuzifahamu, zilionyesha njia ambayo imani yao ilipitia. Na sala zetu je? Twasema sala, imani, kanisa, msalaba, dhambi, roho. Maneno hayo yote yana asili ya Kiarabu, nayo yaliingia katika Kiswahili cha pwani. Kiswahili hicho hakikuletwa Nyangwe na mapadri. Kililetwa na misafara ya Wangwana, iliyotoka Unguja, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikaja kutafuta pembe za ndovu na watu wa kuuza. Mapadri walipofika waliikuta lugha imekwisha kutangulia. Mtu wa miaka 1000 ijayo, asiyejua habari zetu hata kidogo, akisikia tu jinsi tunavyosali, atajua kwamba njia iliyoleta Injili kwetu ilikuwa imekanyagwa kwanza na watu waliofungwa minyororo. Jambo hili ni zito, wala si vema kulificha.

Sasa tumefika Nyangwe, katika swali la pili.

Livingstone alifika hapa mwishoni mwa Machi 1871. Alikuwa Mskoti, Mprotestanti, naye zamani alitumwa na chama cha wamisionari cha London katika nchi za kusini. Lakini chama hicho alikuwa amekiacha tangu mwaka 1857. Alipokuja kwetu alikuwa akitafuta chemchemi za mto Nili. Alidhani Lualaba huenda ikawa Nili yenyewe, na alitaka mitumbwi ya kushukia mto, asiipate. Kwamba alikuwa mtu wa sala, hilo halina shaka. Kabla ya kufika Nyangwe alilala miezi mingi katika mji anaouandika Bambarre, yaani upande wa Kabambare, miguu yake ikiwa imeliwa na vidonda. Naye aliandika kwamba akiwa katika Maniema aliisoma Biblia nzima mara 4. Lakini katika habari zake za Nyangwe hakuandika kwamba alibatiza mtu, wala kwamba alianzisha mafundisho, wala kwamba alimwacha mwalimu nyuma yake. Katika miaka yake yote ya Afrika mtu wake aliyejulikana kwa kubatizwa ni Sechele, mfalme wa Wakwena huko kusini, mwaka 1848. Kwa hiyo jibu ni hili: Livingstone alikuwa Mkristu msafiri aliyepita Nyangwe, hakuwa mwanzilishi wa Ukristu wa Nyangwe. Yeye mwenyewe hakujisifia jambo hilo, na si juu yetu kumsifia kwa jambo ambalo hakulifanya.

Hata hivyo Nyangwe ilimpa kazi nyingine, kazi ya shahidi, na hapa nataka tukae kidogo.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Wanawake walikuwa wamevuka mto kwa mitumbwi, na vyakula vyao, kuku na vyungu. Livingstone alikadiria watu kama 1500. Watu watatu wa Dugumbe, mfanya biashara aliyefika karibuni, waliingia sokoni na bunduki zao, jambo lisilo desturi. Mmoja akaanza kugombana juu ya bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia. Watu walikimbilia mitumbwi katika hori ya mto; mitumbwi ikasongana; wakajitupa majini, na wengi wakachukuliwa na maji. Siku ile na ng'ambo ya mto vijiji vilikuwa vikichomwa moto. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Mmeona? Hesabu hiyo haikutoka kwa adui zao, ilitoka kwao. Mtu akitaja hesabu iliyo aibu kwa upande wake, twaipokea kwa uzito zaidi.

Sasa ulizeni kama wazee wa baraza: habari hii iliandikwa lini, na ilipita mikono mingapi? Karatasi zilikuwa zimemwishia Livingstone. Aliandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akipitisha maandiko yake juu ya herufi zilizochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa maji ya matunda ya porini. Hilo ndilo daftari la kwanza, lililoandikwa papa hapa, siku zile zile. Baadaye alinakili habari zake kwa taratibu katika kitabu kikubwa. Alikufa tarehe 1 Mei 1873, na mwaka 1874 rafiki yake Horace Waller alichapisha kitabu cha safari zake za mwisho. Kwa muda wa miaka zaidi ya 130, wote waliosimulia mauaji ya Nyangwe walitumia kitabu hicho au nakala ile, kwa kuwa wino wa daftari la kwanza ulikuwa umefifia, hausomeki.

Ndipo tangu mwaka 2010 wataalamu walipolipiga picha daftari lile, lililohifadhiwa Blantyre katika Scotland, kwa mianga ya rangi nyingi, moja baada ya moja, hata wino uliofifia ukatengana na herufi za gazeti na kuonekana tena. Mwaka 2011 walitoa maandiko hayo yasomwe na watu wote. Wakayalinganisha. Habari kubwa ni ile ile: soko, bunduki, mitumbwi, mto. Lakini iko tofauti. Habari za mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe, wale aliopelekewa kutoka Unguja mwaka ule, ziko wazi zaidi katika daftari la kwanza kuliko katika kitabu. Baadhi ya wataalamu wakauliza kama watu hao nao walikuwa na mkono katika ukatili wa siku zile. Swali limeulizwa, hukumu haijatolewa.

Labda mtu atasema: mwalimu, ya nini kufukua mambo haya, na waliokufa wamekwisha kufa? Nami namjibu kwa amri ya nane ya Mungu, inayotukataza kumshuhudia mtu uongo. Amri hiyo haisemi kwamba wafu wametolewa. Katika vijiji vyetu nimesikia Wakristu wakisimulia siku ile ya soko kana kwamba Waislamu wote walishika bunduki. Si kweli. Huyo huyo Livingstone aliokolewa na ugonjwa na mfanya biashara Mwarabu, Muhammad bin Gharib, aliyemtunza njiani. Bila yeye tusingekuwa na daftari lo lote la kusoma. Na tukiwashitaki watu wa Dugumbe, huku tukiwanyamazia watu wa msafara wa mzungu kwa sababu bwana wao alikuwa Mkristu, tumekwisha kuwa mashahidi wa kununuliwa. Wale wanawake wa soko ni bibi zetu. Wanastahili habari iliyo sawa, hata pale inapotuuma sisi.

Tena ushuhuda wa kweli una nguvu. Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza mwaka 1872 ziliwachoma watu mioyo. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano yaliyofunga soko la watumwa la Unguja. Mimi naona kwamba mzee yule mgonjwa, kwa gazeti lake na wino wa matunda, alifanya kwa nchi yetu jambo lililo kubwa kuliko kama tungemzulia ubatizo wa watu mia.

Upande wa Waarabu nao wana shahidi aliyeandika. Hamed bin Muhammed, ambaye wazee wetu walimwita Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Yeye asema alionana na Livingstone kusini mwa ziwa Tanganyika. Na Livingstone katika habari zake za mwaka 1867 asema alionana naye. Hawa wawili hawakuwa wa dini moja wala wa kazi moja, wala hawakupatana namna ya kusema. Wanapokutana katika neno moja, twalishika neno hilo bila wasiwasi.

Basi ni nani walioleta imani yetu? Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakavuka ziwa wakajenga Mulwewa mwaka 1880, Kibanga mwaka 1883, na mwaka 1885 wakaingia Mpala. Wengine wao waliuawa Rumonge mwaka 1881. Kutoka pwani ile ya ziwa imani ilipanda polepole kuja huku, hata vikariati ya Kasongo ikasimamishwa mwaka 1952, nayo ikawa jimbo mwaka 1959. Habari hizo hazina mashaka mengi, kwa kuwa Kardinali Lavigerie aliwaamuru wamisionari wake kuandika daftari ya kila siku katika kila misioni: nani amefika, nani amekufa, mvua, njaa, vita, ubatizo.

Lakini hata daftari hiyo ipimeni. Aliyeiandika ni padri, akiwa misioni. Mwalimu aliyekaa kijijini miaka 20, akifundisha jioni baada ya shamba, akizika wafu na kubatiza watoto waliokuwa katika hatari ya kufa, mara nyingi hupata mstari mmoja tu, na pengine hilo jina moja la ubatizo: Petro, Yosefu, Karoli. Sisemi hivi kwa kulalamika. Nasema kwa sababu sehemu hiyo ya habari imo vinywani mwa wazee wenu, na wazee hawakai milele.

Kwa hiyo nawapa kazi, ninyi walimu wa vijiji na vijana mjuao kuandika. Mwendeeni mzee nyumbani kwake. Msimwulize mbele ya watu wengi, kwa maana mbele ya watu wengi mtu hupenda kuipamba habari. Mwulizeni: mwalimu wa kwanza wa kijiji hiki alikuwa nani, na alitoka wapi? Wewe ulimwona, au ulimsikia kwa baba yako? Asipojua mwaka, mwulizeni ni mfalme gani aliyekuwa akitawala, ni njia gani iliyokuwa ikilimwa, ni njaa gani iliyopita. Jambo likihusu siku za babu zake, liwekeni kando ya vita ya Wabelgiji na Waarabu: Nyangwe ilitwaliwa tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Je, ni kabla ya vita hiyo au baada yake? Kisha mwendeeni mzee wa pili, wa ukoo mwingine, bila kumwambia aliyosema wa kwanza. Mwisho mwombeni padri awaruhusu kutazama kitabu cha wabatizwa. Humo yamo majina, siku, wazazi na msimamizi wa ubatizo. Na mara nyingi utaona jina la mwalimu yule yule likirudi tena na tena mahali pa msimamizi, ukurasa baada ya ukurasa. Huyo mmempata.

Wazee wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili. Msichague lile linalokipendeza kijiji chenu. Najua kwamba kuna vijiji viwili, sitavitaja, vinavyogombana mpaka leo juu ya kipi kilitangulia kujenga kanisa la nyasi. Kitabu cha wabatizwa kitawaamua, na huenda kikaonyesha kwamba ni kijiji cha tatu.

Juu ya kila karatasi andikeni jina la mzee aliyesema, kijiji chake, na siku mliyoandika. Zipelekeni kwa padri wa parokia yenu. Na katika somo lijalo, Mungu akipenda, tutasimulia maisha ya Stefano Kaoze, mwana wa nchi yetu aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, kwa kuyafuata maneno ya watu waliomwona.